UZI: Kabla ya kubadilisha kontroli boksi (kompyuta ya gari), pima ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri). Yaliyonifika Pemba kwa gari, redio na kompyuta

Mwanzilishi wa uzi (Chake Chake)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi si fundi wa gereji. Nasomesha hesabu katika skuli ya sekondari hapa Chake Chake, na jioni zangu nyingi, baada ya sala ya Isha, huishia katika chumba cha uani, mbele ya meza yenye bisibisi, mita na kifaa kilichofunguliwa kifuniko. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiandika katika daftari kila hitilafu iliyopita mikononi mwangu: nilichodhani mwanzo, nilichopima, na kilichokuja kubainika. Wiki iliyopita nililisoma daftari hilo tangu ukurasa wa kwanza, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona nilipokuwa nikiandika kurasa hizo moja moja. Hitilafu nyingi tulizoisingizia "kompyuta", iwe ya gari au ya mezani, zilikuwa za maungio, pale waya unapokutana na chuma au kadi inapokaa ndani ya soketi yake, na kilichoyaharibu maungio hayo ni hewa hii hii ya bahari tunayoivuta sote.

Naanza na gari, kwa kuwa ndilo lililonigharimu zaidi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Masika ya mwaka juzi ilianza tabia mbaya: ukitoka nyumbani asubuhi linakwenda vizuri, lakini likishapata moto, hasa siku ya mvua, injini hutetemeka, taa ya injini ya rangi ya manjano huwaka kwenye dashibodi, na mara nyengine gari huzima kabisa katikati ya njia. Siku moja lilizima kwenye mteremko wa barabara ya Konde nikiwa nimempakia mama yangu aliyekuwa akirudi hospitali, na siku hiyo niliapa kuwa sitolala mpaka nijue sababu.

Nilikwenda gereji. Fundi ni mtu mwema na mikono yake inaijua kazi, lakini jambo la kwanza alilolifanya ni kufungua betri kwa dakika kumi ili taa izime. Taa ilizima kweli, nami nikarudi nyumbani nimefurahi, na baada ya siku nne ikawaka tena. Tukabadilisha plagi. Ikawaka tena. Tukabadilisha koili mbili, zile zinazopa plagi umeme wa cheche, tukasafisha kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, na taa ikawaka tena. Mwisho akaniambia kwa masikitiko ya kweli kuwa kontroli boksi imekufa, kwamba ataiagiza ya mtumba kutoka Dar es Salaam kwa shilingi laki nne na nusu, na kwamba hana hakika kama itakubaliana na funguo zangu.

Hapo ndipo niliposema ngoja.

Jambo ambalo sikulijua wakati ule, na ambalo ningependa kila mwenye gari alijue, ni kwamba kufungua betri ni kufuta ushahidi. Kompyuta ya gari inapoona kasoro huhifadhi msimbo wa kasoro hiyo, na pia hujifunza polepole kiasi cha petroli inachopaswa kuongeza au kupunguza ili mchanganyiko uwe sawa. Kwa magari mengi ya umri wa langu, ukiondoa betri vyote viwili hupotea. Kwa hiyo kila tulipofungua betri tulikuwa tukimfunga mdomo shahidi pekee aliyekuwapo wakati gari linazima.

Nikanunua kile kidude kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, kwa shilingi elfu 35. Simu ilikiona mara moja, lakini kila nilipojaribu kuunganisha na gari programu iliniambia kuwa gari halijibu. Usiku ule nilidhani fundi alisema kweli. Baada ya kusoma sana nikafahamu kwamba soketi kufanana si lugha kufanana. Magari yaliyouzwa Marekani yalilazimishwa kufuata utaratibu wa OBD-II, yaani lugha ya pamoja ya kuisoma kompyuta ya gari, tangu matoleo ya mwaka 1996, na yale ya petroli ya Ulaya tangu mwaka 2001, lakini Toyota nyingi za zama hizo zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina soketi ile ile na bado zinazungumza kwa namna yao wenyewe. Katika utaratibu wa kawaida wa waya mmoja, kifaa huiita kompyuta ya gari kwa anwani ya 33 na kisha mazungumzo huenda kwa kasi ya biti 10,400 kwa sekunde. Toyota hizi za Japani huitwa kwa anwani ya 13 na huzungumza kwa kasi ya 9,600. Ni sawa na mtu anayekusubiri umwite kwa jina la utotoni; ukimwita kwa jina la cheti hageuki.

Programu nyingi za simu zina sehemu ya kuandika amri za kuanzia, na humo nilitia amri za ATIB 96 na ATIIA 13 pamoja na nyengine chache. Kidude changu cha kwanza kilijibu moja ya amri hizo kwa alama ya kuuliza, maana yake hakiifahamu. Kwenye ganda lake kimeandikwa "v1.5", na baadaye nikajifunza kuwa Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyobuni ELM327, chipu inayoendesha vidude vya namna hii, haikuwahi kutoa toleo lenye namba hiyo; changu ni nakala tu. Nikaazima kidude chengine kwa rafiki yangu wa Wete, na usiku wa saa tatu, gari likiwa limesimama uani na mvua inanyesha, namba zikaanza kupita kwenye kioo cha simu: mzunguko wa injini, joto la maji, volti. Nilimwita mke wangu aje aone.

Kulikuwa na misimbo miwili, yote ya mzunguko wa koili, lakini ya silinda mbili tofauti, na moja kati yake ilikuwa na koili tuliyoibadilisha juzi tu. Nawaomba mkae hapa kidogo, kwani hapa ndipo penye mzizi wa uzi wote. Koili moja ikilalamika, ishuku koili. Koili mbili zikilalamika kwa wakati mmoja, na moja ni mpya, shuku kile wanachokula pamoja. Koili zote nne za injini hii zinapata umeme kutoka waya mmoja na kurudisha umeme kwa njia moja ya ethi.

Fundi alikuwa ameshaipima ethi hiyo. Aliweka mita kwenye mlio, ule unaoonesha kuwa waya haujakatika, mita ikalia, akasema ethi nzima. Mlio ule ulitudanganya sote wawili. Mita nyingi hulia hata pakiwa na ukinzani wa makumi ya ohm, ilhali waya unaopitisha ampea 8 ukiwa na ukinzani wa ohm 0.1 tu utapoteza volti 0.8 njiani, hiyo ni hesabu ya kidato cha pili, nami nilikuwa nikiiandika ubaoni kila mwaka bila ya kuipeleka uani kwangu. Tena ukinzani mdogo kiasi hicho mita za kawaida haziwezi kuusoma kwa uaminifu, kwa sababu nyaya za mita zenyewe zina ukinzani unaokaribia huo. Njia ya haki ni kuliacha gari liwake, kuwasha taa kubwa na feni, kisha kupima volti baina ya ncha hasi ya betri na pale unapopashuku. Ikiwa njia ni nzima utaona karibu na sifuri.

Baina ya betri na bonge la injini niliona volti 0.04, kwa hiyo waya mkubwa wa ethi ulikuwa salama. Kisha nikagusa waya mweupe wenye mstari mweusi kwenye soketi ya koili, ambao ndio rangi ya ethi katika magari ya Toyota, na mita ikapanda hadi 0.8, ikicheza kila injini ilipotetemeka. Niliufuata waya huo kwa kidole mpaka ulipofungwa kwa bolti kwenye injini, nikafungua, na chini ya kichwa cha waya nikakuta ukoko wa kijani na mweupe kama chokaa. Waya ni wa shaba, bolti ni ya chuma, na kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu. Metali tatu tofauti, na chumvi yenye unyevu baina yao, hulana zenyewe kama zilivyo sahani za betri. Nikausugua kwa msasa mpaka ukang'ara, nikaufunga kwa nguvu, nikapaka mafuta ya mgando juu yake ili hewa isifike. Mita ikasoma 0.03. Gari halijazima tena tangu usiku ule.

Mchangiaji (Mwanakwerekwe, Unguja)

Waalaykum salaam Maalim. Nimesoma kwa makini kwa sababu nina Vitz ambayo taa yake ya injini imekuwa ikiwaka kwa miezi miwili, lakini gari linakwenda vizuri na halijawahi kunizimia. Kila mtu ananipa shauri lake. Je, niendelee kulitumia kupeleka watoto skuli au niliweke? Na je, kama sina uwezo wa kununua hicho kidude sasa hivi, kuna njia nyengine ya kuusoma huo msimbo?

Mwanzilishi wa uzi (Chake Chake)

Dada yangu, kwanza tazama taa hiyo inawaka vipi. Ikiwaka bila ya kupepesa na gari linakwenda sawa, una nafasi ya kulipeleka kupimwa kwa utulivu, japokuwa miezi miwili ni mingi na huenda petroli yako inapotea. Ikiwa inapepesa, maana yake silinda moja au zaidi haichomi, na petroli mbichi inayotoka huko huunguza kisafisha moshi kilichoko kwenye bomba la ekzosi. Hapo punguza mwendo, simama, usiendelee. Taa nyekundu ya oili na ya joto ni jambo jengine kabisa. Hizo zikiwaka unazima injini hapo hapo, hata kama umebakisha hatua chache kufika nyumbani.

Kuhusu njia ya bila kidude, Toyota nyingi za zama hizi huweza kuonesha msimbo kwa kupepesa taa yenyewe, ukiunganisha pini ya 13 na pini ya 4 za soketi ile kwa kipande cha waya kisha ukafungua switchi bila ya kuwasha injini. Taa hupepesa mara kadhaa, hupumzika, kisha hupepesa tena, na namba hizo mbili ndizo msimbo. Hata hivyo nakuomba usifanye peke yako mara ya kwanza, kwa sababu pini ya 16 ya soketi hiyo ina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiigusisha na ya 4 kwa makosa utaunguza fyuzi ukiwa na bahati, au waya ukikosa bahati. Mpate mtu aliyewahi kufanya. Na mwambie asifungue betri.

Mwanzilishi wa uzi (Chake Chake), anaendelea

Kufungua betri kule kulinizalia tatizo la pili. Redio ya gari, ile yenye kioo na ramani, iliporudishiwa umeme ilitoa maandishi ya Kijapani mekundu na haikukubali kufanya chochote. Nilielekeza kamera ya simu kwenye kioo, tafsiri ikanijia: redio inataka kadi ya ramani yake. Kadi hiyo bila shaka ilibaki Japani au ilipotea bandarini, na bila ya kadi hiyo redio nzima hulala, hata sehemu ya kusikiliza habari. Kuna watu wanaouza nakala za kadi hizo, na wengine wanauza namba za kufungulia, lakini tujiulize ramani yenyewe inatufaa nini. Inajua kila kichochoro cha Osaka, na ukiwa Chake Chake inakuweka katikati ya bahari tupu.

Niliiondoa, nikatia redio ya kawaida, na simu nikaiweka kwenye kishikio badala ya ramani. Humo natumia programu ya OsmAnd yenye ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao mtu yeyote anaweza kuuongezea anachokijua. Ramani hupakuliwa mara moja na baada ya hapo haihitaji intaneti, jambo lenye maana kubwa ukiwa unakwenda Makangale kupitia msitu wa Ngezi, ambako simu yangu hukosa mtandao kwa muda mrefu. Wengi wenu mnakumbuka tangu mwaka 2016, droni za Mpango wa Ramani wa Zanzibar zilipokuwa zikiruka juu ya mashamba yetu. Vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwamo katika kuzirusha, nami nakumbuka wanafunzi wangu walivyotoka mbio madarasani kuangalia. Tangu hapo nimekuwa nikiongeza mwenyewe njia za ndani na majina ya vitongoji ninavyovijua, kwa majina tunayoyatumia sisi. Kila ninapoliona jina la kijiji cha mama yangu likitokea kwenye kioo cha gari, moyo wangu hufurahi sana.

Kwa wale ambao redio zao bado ni za Kijapani na zinafanya kazi, lakini hazikamati vituo vyetu: redio haijaharibika. Japani walitumia masafa ya FM ya megaheti 76 hadi 90, ambayo baadaye yalisogezwa hadi 95, ilhali vituo vyetu viko baina ya 88 na 108. Kuna kiboksi kidogo kinachofungwa baina ya antena na redio ambacho hushusha masafa kwa kiasi maalumu, mara nyingi 20. Kituo cha 97.5 utakipata kwenye 77.5. Kiboksi hicho nacho kinahitaji ethi safi, la sivyo utasikia mvumo wa injini unaopanda na kushuka kila unapokanyaga mafuta, na utaambiwa kuwa kimeharibika.

Mchangiaji (fundi, Mkoani)

Maalim, nakuheshimu na nimejifunza kitu kuhusu ule mlio wa mita, na sitoona haya kusema hivyo mbele ya watu. Lakini naomba unisikilize upande wangu. Nina gereji kwa zaidi ya miaka ishirini. Mteja akija na gari linalozima, nikikaa saa tatu napima nyaya na mwisho nikamwambia "nimesafisha bolti moja, nipe elfu thelathini", ataniita mwizi mbele ya watu. Nikimwekea koili mbili za mtumba akaziona kwa macho yake, atanipa laki moja na kunishukuru. Mteja hulipia spea, halipii akili. Wewe ulipima kwa saa ngapi mpaka ukafika kwenye bolti ile? Na nani angekulipa?

Mwanzilishi wa uzi (Chake Chake)

Fundi wangu, umesema kweli, nami sina jibu la kukushinda. Nimerudi kwenye daftari kuangalia: jioni tano, kiasi cha saa kumi na moja kwa jumla, ukiacha muda wa kusoma. Hakuna mteja ambaye angenilipa saa hizo, na mimi mwenyewe, nilipokuwa kwako au kwa mwenzako, sikuwahi kutoa hata shilingi kwa ajili ya kupima. Nilikuwa naona kupima ni sehemu ya adabu ya kuingia gereji. Kwa hiyo lawama niliyokuwa nimeielekeza kwa fundi mwanzoni mwa uzi huu sehemu yake ni yangu.

Lakini angalia jambo hili pia. Saa zile kumi na moja nyingi zilikuwa za ujinga wangu. Ningekuwa najua nilichokijua siku ya tano, kipimo cha kushuka kwa volti kwenye ethi kingechukua dakika kumi, na wewe mwenye mikono ya miaka ishirini ungekifanya kwa dakika tano. Mimi nilitumia karibu shilingi laki mbili kwa plagi na koili ambazo hazikuwa na kosa. Kama ungeniwekea bei ya kupima ya elfu kumi na tano, ukaiandika ukutani pale ambapo kila mtu anaiona, nami nikaambiwa mapema kuwa nalipia jibu, iwe nimebadilishiwa kitu au sikubadilishiwa, ningelipa. Najua si wote. Lakini naamini wapo zaidi ya unavyodhani, hasa waliokwisha kununua koili mara mbili.

Mchangiaji (Wete)

Mimi ndiye niliyemwazima kile kidude, na nashuhudia kuwa alikirudisha. Maalim, waeleze na habari ya kompyuta, kwa maana wengi humu hawana gari lakini wana laptopu zinazowasumbua.

Mwanzilishi wa uzi (Chake Chake)

Nitaieleza. Mdogo wangu anayesoma chuo alikuwa na kompyuta mpakato ya zamani, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 4, ambayo ilikuwa ikiganda bila ya utaratibu wowote. Mara inafanya kazi siku nzima, mara inaganda ndani ya dakika mbili. Ilikuwa na Windows 10, na kwa kuwa Microsoft ilitangaza kuacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo kompyuta hiyo haina, kila tuliyemuuliza alisema tatizo ni programu au ni virusi vya flashi. Tukafuta kila kitu, tukaweka upya. Ikaganda. Tukaweka Linux Mint, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, nami nilikuwa na uhakika kuwa hapo tumefika. Iliganda siku ya pili, katikati ya kazi ya mwanafunzi ambayo haikuwa imehifadhiwa.

Mifumo miwili isiyohusiana kabisa inaganda kwa namna moja. Ni zile koili mbili tena: shuku wanachokula pamoja. Niliweka Memtest86+ kwenye flashi, nikaiacha ipime kumbukumbu usiku kucha, na asubuhi kioo kilikuwa kimejaa mistari myekundu ya makosa. Kabla ya kununua RAM mpya niliitoa ile ya zamani na kuitazama kwa taa ya simu. Meno yake ya dhahabu yalikuwa na madoa ya ukungu, kwani kompyuta ilikuwa ikiwekwa karibu na dirisha linalotazama bahari. Niliyasugua taratibu kwa raba ya penseli, nikayafuta kwa spiriti, nikaiacha ikauke vizuri kwa kuwa ile spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi ndani yake, kisha nikairudisha. Memtest ikazunguka mara nne bila ya kosa hata moja. Kompyuta hiyo mpaka leo inatumia Linux, na nitasema wazi kuwa inanifurahisha: inafungua haraka zaidi kuliko ilipokuwa mpya, na mdogo wangu hajaomba kurudishiwa mfumo wa zamani.

Wanaopenda lugha yetu wajue pia kuwa kazi ya kuzifanya programu huria ziseme Kiswahili si ya jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Natamani sana skuli zetu zingekuwa na kompyuta za namna hiyo hii leo, ambapo mtoto wa Micheweni angelifungua faili lake la kwanza kwa neno "Fungua".

Jambo moja la haraka kwa wanaonunua vifaa vya Japani vya mtumba: kabla ya kuchomeka ukutani soma kibandiko cha nyuma. Kikisema AC 100V peke yake, umeme wetu wa volti 230 utakiua kwa sekunde chache, na unahitaji transfoma ya kushushia. Kikisema 100–240V, kama ilivyo kwa chaja nyingi za kompyuta na simu, chomeka bila ya wasiwasi. Na umeme ukikatika, chomoa. Waliokuwapo Pemba enzi za majenereta ya Wesha, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010, hawahitaji kuambiwa namna umeme unaporudi kwa kishindo.

Mchangiaji (Mwanakwerekwe, Unguja)

Maalim, naleta mrejesho. Nilimpata kijana hapa mtaani mwenye kidude kilichokubali Vitz yangu kwa zile amri ulizozitaja. Msimbo ulikuwa mmoja tu, wa kipashajoto cha sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi. Aliifuata waya wake, akakuta soketi imelegea na pini moja imeota kijani. Ameisafisha, amefuta msimbo kwa kutumia simu bila ya kugusa betri, na leo ni siku ya tisa taa haijawaka. Nimemlipa elfu ishirini. Hakuniwekea kitu chochote kipya, na kwa kuwa nilikuwa nimeyasoma maneno ya fundi wa Mkoani hapo juu, sikuona uzito kutoa.

Mchangiaji (fundi, Mkoani)

Dada umenipa nguvu. Nimeandika ubao, nimeutundika jana: kupima, elfu kumi na tano. Wawili wameusoma wakacheka, mmoja amelipa. Maalim, gari lako usilisahau. Ukoko ule hurudi. Lipime tena baada ya masika.

Mwanzilishi wa uzi (Chake Chake)

Nimelipima leo asubuhi, fundi wangu, baada ya mvua za wiki tatu mfululizo. Injini ikiwaka, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa, waya mweupe wenye mstari mweusi unasoma volti 0.05. Nimeiandika chini ya ile 0.03. Nitapima tena kaskazi ikianza, na ikifika 0.2 nitalifungua, na safari hiyo nitakuja nalo Mkoani, nikulipe elfu kumi na tano, nikuangalie unavyofanya.